Waliosimama nyuma ya Buck Owens: albamu za bendi za kantri zisikilizwe upya

Oktoba 1967 Chama cha Muziki wa Kantri cha Marekani, CMA, kilitoa tuzo zake kwa mara ya kwanza mjini Nashville, kitovu cha biashara ya muziki huo. Mwimbaji bora wa kiume alitangazwa kuwa Jack Greene. Miaka michache kabla ya hapo Greene alikuwa akikaa kwenye ngoma, nyuma kabisa ya jukwaa, akimpigia mwimbaji Ernest Tubb. Katika tuzo hizohizo kundi bora la wapiga ala likawa The Buckaroos, vijana waliokuwa wakimsindikiza mwimbaji Buck Owens wa California. Mwaka uliofuata Buckaroos wakaichukua tena.

Tuzo hizo hazikudondoka kutoka mbinguni. Kati ya mwaka 1964 na miaka ya mwanzo ya 1970, bendi kadhaa za kusindikiza zilipewa nafasi ambayo hazikuwa zimeizoea: kuingia studio bila bosi kushika maikrofoni, na kutoa albamu zenye majina yao. Buckaroos walitoa. Texas Troubadours wa Ernest Tubb walitoa. Strangers wa Merle Haggard walitoa. Blue Boys wa Jim Reeves walitoa pia, tena baada ya Reeves mwenyewe kufariki dunia. Santuri hizo leo hazizungumzwi sana. Wakusanyaji wanaziweka pembeni, waandishi wa wasifu wa nyota wanazitaja kwa mstari mmoja kisha wanaendelea na safari.

Mimi naona hilo ni kosa kubwa la kusikiliza. Albamu za bendi si makombo ya mezani kwa nyota. Ndimo tunamosikia nani hasa aliutengeneza mlio ambao nyota alisifiwa kwa ajili yake, na anayeandika historia ya kantri bila kuzipitia anaandika historia ya waimbaji peke yao.

Ili uzito wake uonekane, tuangalie kwanza kazi ilivyokuwa ikifanyika Nashville. Mwimbaji alikuwa na bendi ya kuzunguka nayo, watu waliolala kwenye basi moja, wakapiga nyimbo zake usiku baada ya usiku mpaka wakazijua kuliko alivyozijua mwenyewe. Ikifika siku ya kurekodi, mara nyingi bendi hiyo ilibaki nje. Waliingia wapigaji wa studio, kundi dogo la mafundi waliokuja kuitwa A-Team: Grady Martin kwenye gitaa, Bob Moore kwenye besi, Buddy Harman kwenye ngoma, Floyd Cramer au Hargus Robbins kwenye piano. Walifanya kazi kwa vipindi vya saa tatu na kulipwa kwa kila kipindi, kwa kiwango kilichowekwa na chama cha wanamuziki. Asubuhi wanampigia huyu, mchana yule, usiku mwingine tena.

Walikuwa hodari mno, na sitaki kumpunguzia hata mmoja wao heshima. Grady Martin peke yake ana mchango ambao makala nzima isingeumaliza. Lakini utaratibu huo ulikuwa na gharama zake. Sauti za waimbaji zilibadilika, ala zikaanza kufanana. Na mpigaji wa bendi, aliyeutumikia wimbo barabarani, alirudi nyumbani kununua santuri ya bosi wake ili ajifunze mtu mwingine amepiga nini mle ndani, kisha apande jukwaani akaige. Kwa utaratibu wa namna hiyo, bendi ya kusindikiza haiwezi kuwa na albamu yenye maana yoyote, kwa kuwa mlio wa rekodi si wake.

Ndiyo maana habari hii inaanzia mbali na Nashville, huko California.

Bakersfield ni mji wa mafuta na pamba kaskazini ya Los Angeles. Katika miaka ya 1930 maelfu ya watu waliokimbia ukame na umaskini wa Oklahoma, Texas na Arkansas walihamia bonde lile kutafuta vibarua vya mashambani. Walikuja na muziki wao. Vilabu vya pombe vikajaa, na kwenye klabu kama Blackboard bendi zilipiga usiku kucha kwa ajili ya watu waliotaka kucheza. Buck Owens, mzaliwa wa Sherman, Texas, mwaka 1929, alifika hapo mwaka 1951 na kuajiriwa kama mpiga gitaa. Hilo linasahaulika: kabla hajawa nyota, Owens mwenyewe alikuwa mtu wa nyuma. Alipiga gitaa kwenye rekodi za wengine katika studio za kampuni ya rekodi ya Capitol huko Hollywood, akilipwa kwa kipindi, jina lake lisijulikane.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 aliishi kwa muda jimbo la Washington, na huko akakutana na kijana mwenye fidla anayeitwa Donald Ulrich, mzaliwa wa Olympia mwaka 1941. Dunia ingemjua kwa jina la Don Rich. Desemba 1960 Rich aliacha masomo ya chuo akamfuata Owens Bakersfield, kwa mshahara wa dola 75 kwa wiki. Mwanzoni hawakuwa hata na bendi. Walizunguka wawili ndani ya gari la Owens, wakifika mahali wanapiga na wanamuziki wowote waliowakuta pale.

Ndani ya gari lile ndimo mambo yalipopikwa. Rich alikuja na fidla, lakini taratibu Owens akamwachia gitaa la solo, Fender Telecaster, akabaki yeye na kuimba pamoja na gitaa la kuitikia. Rich akaingia pia kwenye uimbaji, sauti ya pili ya juu, iliyomfuata Owens kwa karibu kiasi kwamba katika nyimbo nyingi huwezi kusema wimbo ni wa sauti gani kati ya hizo mbili. Merle Haggard, ambaye wakati huo hakuwa na jina, alipiga besi nao kwa muda mfupi, na ndiye aliyewabatiza jina la Buckaroos. Kufikia mwaka 1964 kikosi kilikuwa kimekamilika: Don Rich kwenye gitaa na fidla, Doyle Holly kwenye besi, Willie Cantu kwenye ngoma, na Tom Brumley kwenye gitaa la pedali, lile linalolazwa mezani mbele ya mpigaji na kupigwa kwa kutelezesha kipande cha chuma juu ya nyuzi.

Jambo lililowatofautisha na wenzao wa Nashville lilikuwa rahisi kulitaja na gumu kulipata. Owens alirekodi na bendi yake mwenyewe. Ken Nelson, prodyuza wa Capitol, alikuwa mtu wa kuwaacha wanamuziki wafanye wanachokijua, na Owens aliitumia nafasi hiyo vizuri. Watu walewale waliopiga Jumamosi ukumbini ndio walioingia studio Jumatatu. Owens alitaka rekodi zake zipenye kwenye spika ndogo ya redio ya gari, kwa hiyo gitaa likawa kali, ngoma zikasogezwa mbele, mapambo ya violini na kwaya yakaachwa.

Sikiliza wimbo wa Together Again wa mwaka 1964, hasa katikati, pale Owens anaponyamaza na Brumley kuingia. Ni sekunde chache. Pedali inavuta noti moja kupanda huku nyingine imesimama palepale chini yake, na katika mvutano huo mfupi unasikia maneno yote ya wimbo yamesemwa upya bila kinywa. Wapiga gitaa la pedali hadi leo wanajifunza kipande hicho noti kwa noti. Tom Brumley alikuwa mtoto wa Albert Brumley, mtunzi maarufu wa nyimbo za injili, kwa hiyo alikua nyumbani kwa muziki. Lakini kwenye lebo ya santuri ile jina linaloonekana ni Buck Owens.

Mwaka 1965 likatokea jambo linaloonyesha vizuri zaidi mahali bendi ilipofika. Kibao cha ala tupu, Buckaroo, kilichotungwa na Bob Morris, kilishika namba moja kwenye chati ya kantri ya jarida la Billboard. Hakuna anayeimba. Owens, mwenye sauti iliyouza mamilioni, hafungui kinywa. Ni Telecaster inayozungumza kwa sentensi fupifupi, kidole kikibana uzi na kuuachia ghafla, na ngoma zinazokimbia chini yake. Wasikilizaji wa kantri wa nchi nzima walikuwa wamesema kwa kununua kwamba wanajua utamu unatoka wapi. Machi 25, 1966 kikosi hichohicho kilipanda jukwaa la Carnegie Hall, New York, na rekodi ya usiku ule inaonyesha bendi iliyokaza kama ngozi ya ngoma, isiyopoteza hata pigo moja.

Baada ya hapo Capitol isingekosa kufungua mlango. Kuanzia America's Most Wanted Band ya mwaka 1967 hadi The Buckaroos Play the Hits ya mwaka 1971, albamu zilifuatana: The Buckaroos Strike Again, A Night on the Town, Meanwhile Back at the Ranch, Anywhere U.S.A., Roll Your Own, Rompin' and Stompin', Boot Hill. Kwa bendi ambayo kazi yake ya kila siku ilikuwa kumsindikiza mtu mwingine, huo ni uzalishaji wa kutisha.

Nisiwadanganye wasomaji: si zote ni nzuri. Nyingine zina haraka ya kampuni iliyotaka bidhaa dukani kabla msimu haujapita. Kuna vibao vya watu wengine vilivyopigwa kwa sababu tu vilikuwa vinavuma. Kuna nyakati unahisi wapigaji wana ujuzi kuliko nyenzo walizopewa. Biashara nayo ilikuwemo ndani. Owens alikuwa na kampuni yake ya kumiliki haki za nyimbo, Blue Book Music, na utunzi wowote uliopitia huko ulimwingizia fedha hata asipouimba. Redio zilihitaji vibao vya ala tupu vya kujazia dakika kabla ya taarifa ya habari. Bendi ilipokwenda kwenye onyesho, ilikuwa na santuri ya ziada ya kuuza mlangoni. Sioni sababu ya kuyaficha hayo. Kazi nyingi nzuri za muziki zilizaliwa kwa sababu mtu fulani aliona faida.

Lakini sikiliza kinachotokea pindi bosi anapotoka chumbani. Rich anarudi kwenye fidla yake ya utotoni. Holly, ambaye kwenye maonyesho alipewa wimbo mmoja au miwili, anapata nafasi ya kuimba kwa sauti yake nzito. Brumley anapiga kwa urefu, si zile sekunde chache za kuziba pengo kati ya beti. Na kitu kingine kinaonekana ambacho kwenye rekodi za Owens kimefunikwa: jinsi wanne hawa wanavyosikilizana. Cantu anabadilisha pigo kidogo, besi inamfuata hapohapo, gitaa linacheka juu yake. Hiyo ni tabia ya watu waliopiga pamoja mpaka wakaacha kuhesabu, na hakuna mpigaji wa kukodi, hata awe fundi wa kiwango gani, anayeweza kuileta kwa saa tatu.

Kwa Don Rich mwenyewe kisa kina uchungu. Mwaka 1970 alirekodi albamu nzima ya nyimbo za George Jones, akiimba yeye, na Buckaroos wakimsindikiza. Kazi iliwekwa kabatini. Mwaka 1971 ilitoka albamu yake ya fidla, That Fiddlin' Man, lakini ile ya kuimba haikusikika mpaka mwaka 2013, ilipotolewa na kampuni ya Omnivore. Mtu anayeisikiliza leo anapata jibu la swali lililokuwa likiulizwa siku zote. Ndiyo, Rich angeweza kusimama mbele. Ana sauti safi, anaelewa wimbo wa huzuni haupigiwi kelele. Alibaki nyuma kwa hiari yake kwa kiasi kikubwa, na uaminifu huo naupenda, lakini haubadilishi ukweli kwamba kazi yake nzuri ya uimbaji ilikaa gizani zaidi ya miaka 40.

Texas Troubadours ni habari ya aina nyingine. Ernest Tubb, mzaliwa wa Texas mwaka 1914, hakuwa mwimbaji hodari kwa maana ya kawaida. Sauti yake ilishuka chini ya noti mara kwa mara na hakuona haya. Alichokuwa nacho ni ukweli wa sauti na moyo mpana. Nyuma ya gitaa lake aliandika neno la shukrani kwa herufi kubwa, na mwisho wa onyesho aliligeuza ili watu walisome. Kabla ya kila solo alimtaja mpigaji kwa jina, ndani ya rekodi kabisa, ili msikilizaji wa redio kule shambani ajue anayemsikia ni Billy Byrd au Leon Rhodes. Kwa Marekani ya miaka ile lilikuwa jambo la pekee.

Kikosi cha Tubb cha miaka ya mwanzo ya 1960 kilikuwa na Leon Rhodes kwenye solo, Buddy Charleton kwenye gitaa la pedali, Jack Drake kwenye besi, Cal Smith kwenye gitaa na kuimba, na Jack Greene kwenye ngoma. Walikuwa wakifungua onyesho kabla bosi hajapanda, na katika nusu saa ile walipiga mambo ambayo wimbo wa Tubb usingeyabeba: swing ya Texas, vipande vyenye harufu ya jazi, Rhodes na Charleton wakifukuzana noti kwa noti kwa mwendo unaokata pumzi. Albamu zao, kuanzia Ernest Tubb Presents the Texas Troubadours ya mwaka 1964, zimetuhifadhia nusu saa ile. Kwa upande wa ala peke yake, naziweka juu ya zote nilizozitaja, hata za Buckaroos. Buckaroos walikuwa na mlio. Troubadours walikuwa na mlio na pia akiba kubwa ya ujuzi ambayo kazi yao ya kila siku haikuihitaji.

Na ndani ya albamu ile ya kwanza kuna wimbo alioimba mpiga ngoma, The Last Letter. Watangazaji wa redio wakaanza kuucheza, barua zikaja, kampuni ya rekodi ya Decca ikautoa kama santuri ndogo. Tubb hakumfungia Greene mlango. Alimhimiza aende akajaribu bahati yake. Mwaka 1966 Greene akatoa There Goes My Everything, ikafika namba moja, na mwaka uliofuata CMA wakampa tuzo ya mwimbaji, ya albamu na ya santuri ndogo bora. Cal Smith naye alitoka, na mwaka 1974 kibao chake Country Bumpkin kikapata tuzo ya CMA ya santuri ndogo bora. Bendi moja ya kusindikiza, waimbaji wawili wenye tuzo kubwa. Mtu akikwambia albamu za bendi zilikuwa mapambo, mwambie ahesabu hapo.

Strangers nitawapitia kwa haraka, ingawa wanastahili zaidi. Haggard alitoka gerezani San Quentin mwaka 1960 na kufikia mwisho wa muongo alikuwa mtunzi mkubwa wa kizazi chake. Alirekodi na Capitol pia, lakini studio yake ilikuwa mchanganyiko: baadhi ya vibao vyake vikubwa vina gitaa la James Burton, mpigaji wa studio wa Los Angeles ambaye mwaka 1969 alikwenda kwa Elvis Presley. Kwa hiyo anayetaka kumsikia vizuri Roy Nichols, mpiga solo wa Haggard wa kila siku, lazima aende kwenye The Instrumental Sounds of Merle Haggard's Strangers ya mwaka 1969 na zile zilizofuata. Nichols alianza kazi akiwa kijana wa miaka 16 na bendi ya Maddox Brothers and Rose. Anapiga kwa uchumi mkubwa. Ananyamaza mahali ambapo wengi wangejaza, kisha anauvuta uzi mmoja mpaka unalia. Norm Hamlet, wa gitaa la pedali, aliingia Strangers mwaka 1967 na alikuwa bado yupo Haggard alipofariki Aprili 2016. Karibu miaka 50 na bosi mmoja.

Huko Nashville ugomvi wa nani aingie studio ulifika kileleni kwa mwimbaji Waylon Jennings. Mwaka 1972 aliibana kampuni ya rekodi ya RCA mpaka mkataba mpya ukampa uamuzi juu ya rekodi zake, pamoja na kutumia watu wake mwenyewe. Miongoni mwao alikuwemo Ralph Mooney wa gitaa la pedali, ambaye kabla ya hapo alipiga kwenye rekodi za mwanzo za Buck Owens kule California. Kile ambacho watu wa Bakersfield walikipata kwa ridhaa ya prodyuza, Jennings alilazimika kukipigania kwa wanasheria.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki jambo hili lina sura ya ajabu kidogo, kwa sababu sisi tulizoea kinyume chake. Kwenye muziki wetu wa dansi lebo ya santuri ilibeba jina la bendi: NUTA Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz. Ilikuwa kazi yako msikilizaji kujua nani anaimba na nani anapiga solo, na watu walijua. Mbaraka Mwinshehe alipoiacha Morogoro Jazz na kuunda Super Volcano mwaka 1973, mashabiki hawakuhitaji kuelezwa kwamba mpiga solo akihama, mlio unahama naye. Masikio yetu yalifundishwa kusikiliza gitaa kama mtu anayesema. Kwa masikio hayo, mpenzi wa dansi akiwekewa albamu ya Buckaroos anaielewa mara moja, pengine haraka kuliko Mmarekani aliyelelewa kumtazama mwimbaji peke yake.

Nyota wa kantri aliyependwa zaidi upande wetu, hasa Kenya, ni Jim Reeves, ambaye redio zilimpiga kizazi baada ya kizazi. Reeves alifariki Julai 31, 1964 katika ajali ya ndege aliyokuwa akiirusha mwenyewe karibu na Nashville, pamoja na Dean Manuel, mpiga piano wa bendi yake ya Blue Boys. Waliobaki, wakiongozwa kwa sauti na Bud Logan, waliendelea na kurekodi albamu RCA. Ningependa kusema ni hazina, lakini kwangu hizo ndizo dhaifu kuliko zote, na udhaifu wake unathibitisha ninachokisema. Rekodi zilizomfanya Reeves apendwe Nairobi na Mombasa zilijengwa kwa violini, kwaya ya Anita Kerr na mafundi wa studio chini ya prodyuza Chet Atkins. Leo Jackson wa Blue Boys alipiga gitaa kwenye nyingi, lakini mlio kwa ujumla haukuwa wa bendi. Sauti ya Reeves ilipoondoka, bendi ilibaki na kumbukumbu ya kitu ambacho hawakukijenga wao. Wanapiga kwa adabu na upendo, na unawasikia wakiomboleza, lakini nguzo haipo.

Kwa Owens ilikuwa kinyume. Julai 17, 1974 Don Rich alikufa kwa ajali ya pikipiki kwenye barabara ya pwani karibu na Morro Bay, California, akiwa na miaka 32. Owens aliishi na pigo hilo mpaka kifo chake mwaka 2006. Kuna wanaosema alishuka kwa sababu ya Hee Haw, kipindi cha televisheni cha vichekesho na muziki alichokiongoza tangu mwaka 1969, kilichowafanya watu wamwone mchekeshaji. Hoja hiyo ina ukweli wake. Kibao chake cha mwisho kufika namba moja kabla ya msiba kilikuwa Made in Japan, mwaka 1972, kwa hiyo mteremko ulikuwa umeanza Rich akiwa hai. Lakini kushuka kwa mauzo ni jambo moja, na kukosa mlio ni jingine. Rekodi za Owens baada ya mwaka 1974 zina nyimbo nzuri na mwimbaji yuleyule. Kinachokosekana ni ile sauti ya pili ya juu na gitaa linalomjibu kabla hajamaliza sentensi. Alirudi namba moja mwaka 1988 tu, kwa Streets of Bakersfield, akiwa na Dwight Yoakam, kijana aliyekuja na bendi iliyokuwa imesoma Buckaroos kwa makini. Hata kurudi kwake kulipitia kwenye mlio wa bendi.

Hapo ndipo albamu za Buckaroos zinapokuwa ushahidi. Toa Owens, mlio unabaki. Toa Rich, Owens anabaki na nyimbo zake bila nyumba ya kukaa. Anayebisha aweke Boot Hill au A Night on the Town upande mmoja, na rekodi yoyote ya Owens ya mwaka 1976 upande wa pili, kisha asikilize mwenyewe.

Fedha hazikufuata ushahidi huo. Mpigaji alilipwa mshahara wa wiki na malipo ya kipindi cha studio. Mrabaha wa mauzo ulikwenda kwa mwenye jina kubwa, na haki za utunzi kwa mwenye kampuni ya kuzimiliki. Brumley aliondoka mwaka 1969 akajiunga na bendi ya Rick Nelson. Holly aliondoka mwaka 1971, na mwaka 1973 akapata vibao viwili vilivyofanya vizuri kwa jina lake, Lila na Queen of the Silver Dollar. Siwalaumu hata kidogo. Mtu anaweza kumpenda bosi wake na bado akataka kula jasho lake.

Kampuni ndogo za kutoa upya muziki wa zamani zimefanya kazi ambayo kampuni kubwa ziliiacha. Sundazed ilikusanya kazi za Don Rich mwaka 2000, Omnivore ikaitoa ile ya George Jones. Programu za kusikilizia muziki kwenye simu ndizo zinazorudisha mambo nyuma. Ukifungua Together Again unapewa jina la Owens na picha yake. Jina la Brumley, aliyeipiga solo ile, haliko mbele ya macho yako, na mara nyingi haliko kabisa. Enzi ya santuri ulikuwa na jalada la kusoma. Sasa hivi nafasi ya kuandika majina haina gharama ya karatasi wala wino, na waliopiga bado hawaandikwi. Wenye rekodi hizi wana karatasi za vipindi vya studio, kwa sababu chama cha wanamuziki kiliwataka wajaze kila jina ili mtu alipwe. Wazitoe makabatini, na majina ya Rich, Brumley, Holly na Cantu yakae chini ya jina la wimbo, palepale anapoandikwa mtunzi.